Mikono Miwili Kwenye Rafadha

Canter ya buluu, lori dogo la mizigo, ilitoka Mji wa Kale kwa kasi, ikakwepa kizuizi cha polisi karibu na Ngome, ikashika njia ndefu ya Feri.

Nyuma yake, Kache Ngowa, afisa wa ujasusi, alizidisha mwendo wa pikipiki yake ya Boxer.

Chini ya turubai ya Canter kulikuwa na ndege ndogo, mabawa yamekunjwa. Usukani ulishikwa na Varga, jasusi wa kigeni, bastola ya Beretta pajani. Mfukoni alikuwa na flashi yenye siri zote za ulinzi wa bandari, na nje ya maji ya Kenya meli ilikuwa ikimngoja. Kando yake aliketi Kashif Allarakha, fundi aliyeiunda ndege ile kwa mikono yake kwa miaka tisa.

"Kozi, rudi," sauti ya Musyoka, mkuu wa Kache, ilisema sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi. "Betri tuliikamata jana. Ndege bila betri ni kabati."

"Hii haihitaji betri, afande."

"Hiyo ni amri."

Kache hakurudi.

Asubuhi ile Naqiya, mke wa Kashif, alikuwa amemweleza Kache yote, macho makavu. Mumewe alichukia uzito. Injini aliitoa kwenye Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa kobe, na starta ya umeme, pamoja na betri yake, akaifanya ya kubanduliwa. Ikikosekana, kulikuwa na mtungi wa hewa wa wapiga mbizi. Hewa ile huzisukuma pistoni mpaka injini ishike. Hewa nayo ikiisha, mtu husimama mbele na kuizungusha rafadha, ile panga ya mbele inayoivuta ndege, kwa mikono, kama marubani wa zamani. Mumewe alikubali kuuza ndege, Naqiya alisema, hakukubali kuuza nchi. Alipojua itabeba nini alikataa, na ndipo Varga alipomjia na bastola.

Njia tatu. Moja ilikuwa imezibwa.

Karibu na Feri magari yalisimama. Kufyatua risasi pale, katikati ya wachuuzi na abiria, hakukufikirika. Kache aliiacha pikipiki, akapenya chini ya turubai, akapapasa hadi akaushika mtungi wa manjano.

Akafungua koki.

Hewa ilifoka. Honi za malori zikaimeza sauti. Canter ilipoanza kusogea, Kache alikuwa tayari amerudi kwenye Boxer.

Njia mbili.

Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, saa saba mchana wa Ijumaa. Wauza mihogo walikuwa bado hawajapanga meza, na nusu ya mji ilikuwa msikitini. Kwenye uwanja wa nyasi unaoishia baharini, Varga alimlazimisha Kashif kuishusha ndege na kuyafungua mabawa. Kache alilala nyuma ya ukuta mfupi wa mawe, Glock 19 mkononi. Mita hamsini hadi kwenye ndege. Beretta haikubanduka kisogoni mwa fundi.

Akangoja. Hakutaka kumzuia Varga asiwashe injini.

Alitaka ajaribu.

Varga alifungua mtungi. Kimya. Akaupiga teke, akaketi kwenye kiti cha rubani na kumwamuru Kashif azungushe rafadha. Kashif aliisukuma kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mara tatu. Injini haikutoa hata kikohozi.

Varga akashuka akitukana. Akamfunga Kashif mkono mmoja kitini, akamwambia awashe swichi akiamriwa, la sivyo angemrudia Naqiya. Kisha akaenda mbele, akaichomeka bastola kiunoni, akaikamata rafadha.

Kwa mkono mmoja haizunguki.

Kache alikuwa tayari anakimbia.

Varga alivuta. Akavuta tena. Jasho lilimtiririka. Akauliza kwa ukali kama swichi imewashwa.

"Sikuiwasha," alijibu Kashif kwa utulivu. "Wala sitaiwasha. Ndege hii niliiunda mimi."

Mkono wa Varga ukaanza kushuka kiunoni. Chuma baridi kikamgusa shingoni.

"Rudisha mikono kwenye rafadha," Kache alisema. "Yote miwili."

Akachukua Beretta. Akachukua flashi. Akamfunga Varga pingu kwenye bampa ya Canter.

Musyoka alipopata habari hakupongeza. Aliuliza ni nani aliyempa ruhusa. Kache alijibu kwamba hakuna. Mkuu akasema kikosi kingefika baada ya dakika kumi, na ndege ingechukuliwa kuwa ushahidi.

Kache alimfungua Kashif na kumweleza hivyo, bila kumficha. Fundi alilipapasa bawa.

"Miaka tisa, dadangu. Sijawahi kuisikia ikinguruma nje ya ghala."

Kache alitazama saa. Akaweka mawe mbele ya magurudumu, akaikamata rafadha.

"Swichi, Bwana Kashif."

Mvuto wa pili, injini ikashika. Nyasi zililala. Kunguru wakatawanyika. Kashif alikaa pale kwenye kiti cha rubani, machozi yakimtoka, wala hakuyapangusa.

"Kozi," Musyoka aliuliza sikioni, "kelele gani hiyo?"

"Ushahidi, afande. Unazungumza."

Akakichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni, akatembea taratibu kuelekea kwenye pikipiki yake.