Kikaragosi Kilichoomba Sauti

Kikaragosi kilikohoa kabla msanii hajakitia mkono.

Kikohozi kidogo tu, kama cha mtu aliyechoka kungoja zamu yake ofisini. Msanii alichungulia sandukuni, akawatazama watoto arobaini wa darasa la tatu waliokaa sakafuni, akajiambia ni mmoja wao. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, kitambi mbele, magoti yakilia kama bawaba. Alikuwa amezunguka shule nyingi kuliko wakaguzi, na katika safari zote hizo hakuwahi kukutana na ajabu kubwa kuliko choo cha walimu chenye maji.

Kichwa cha kikaragosi kilikuwa kipya. Alikichonga wiki iliyopita kutokana na kizingiti cha nyumba ambayo wenyewe waliihama mchana kweupe, sufuria zikiwa bado jikoni. Jirani alimwambia, "Chukua tu, hakuna anayeutaka mti huo." Mwenye akili angeuliza kwa nini. Yeye aliuliza kama kuna vizingiti vingine.

"Wanangu," alianza, "kwenye mchezo wetu kuna sheria moja. Mwenzako akisema jambo jukwaani, hukatai. Akisema sakafu hii ni mto?"

"Tunaogelea, Mjomba!"

"Akikuomba kitu?"

"Tunasema ndiyo!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa binti wa mwalimu wao, msichana wa miaka tisa waliyemwita Chiriku kwa vile alianza kuongea asubuhi kabla hajafumbua macho. Mama yake, aliyesimama mlangoni na rundo la madaftari, alimtikisia kidole huku akicheka.

"Mwalimu, huyu anatumia umeme wa jua?" msanii akauliza.

"Hata mawingu yakitanda hazimiki, kaka yangu. Tumeshazoea."

Msanii akatia mkono. Ndani ya kile kichwa mlikuwa na joto na unyevunyevu, kama kinywani. Harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani. Alikuwa bado amefumba midomo, akijiandaa kubadili sauti, taya la mti liliposhuka lenyewe.

"Wewe," kikaragosi kikasema, kikimgeukia Chiriku. Kilikwaruza kama ubao unaoburutwa sakafuni. "Una sauti nzuri. Niichukue?"

Watoto wakaangua kicheko. Msanii alijua fika kwamba hakuwa amesema kitu. Lakini miaka thelathini ya kazi ni mteremko: ukishaanza kushuka, miguu hukwenda yenyewe. Kitu kimeombwa jukwaani. "Ndiyo!" akajibu pamoja na darasa zima. Chiriku naye akaitikia kwa nguvu zake zote, na ile "ndiyo" yake ikakatika katikati kama uzi.

Akafungua mdomo. Akaufumba. Akajishika koo.

"Mama," kikasema kikaragosi, kwa sauti ya Chiriku.

Madaftari yakaanguka.

Watoto walipotolewa nje, mlango ukafungwa, na ndani wakabaki watatu na kile kitu ambacho sasa hakikutaka kutoka mkononi.

"Kaka, acha utani," mwalimu alinong'ona. "Nakuomba. Acha."

"Si mimi, dada. Tazama mdomo wangu."

Akautazama, ukiwa umefumbwa, huku kikaragosi kikiendelea kuongea kwa sauti ya mwanawe, kikimweleza ni wapi yeye mwenyewe huficha barua za marehemu mumewe, na maneno ambayo msichana humnong'oneza baba yake huyo asiyekuwepo kila siku akidhani hakuna anayesikia, na jinsi alivyowahi kumwona mama yake akilia jikoni maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikike, na Chiriku, akisikia siri zake zikimtoka mwingine, alikuwa akitikisa kichwa na kulia bila mlio wowote, hata wa kwikwi.

"Hapana!" msanii alifoka. "Nimesema hapana!"

"Umechelewa, Mjomba," kikacheka. "Ulishasema ndiyo."

Mwalimu akamshika shati. "Wewe ndiye uliyewafundisha kutokataa. Nirudishie mwanangu."

Msanii alijihesabu haraka. Sura hakuwa nayo, kuimba hakujua, magoti ndiyo hayo. Alikuwa na sauti tu. Ndiyo iliyomlisha na kumpa marafiki katika miji asiyokuwa na ndugu. Akamtazama msichana.

"Chukua yangu," akanong'ona.

"Inachekesha kweli?" kikaragosi kikauliza.

"Kuna siku inachekesha."

"Unanipa?"

"Ndiyo."

"Mama!" Chiriku akapiga ukelele, akamrukia mama yake, na wote wawili wakaanguka juu ya madaftari. Mwalimu alipoinua uso kushukuru, msanii alikuwa akifungua na kufumba mdomo kama samaki nchi kavu.

Kikaragosi kilipouachia mkono wake, alikirudisha sandukuni, akalichoma sanduku pamoja na kilichokuwamo, akangoja hadi likawa majivu. Jumatatu akaenda shule iliyofuata, barua mkononi, kuwaarifu walimu kwamba hakutakuwa na mchezo.

Kutoka barabarani akasikia kicheko cha watoto, na sauti yake mwenyewe ikiwachekesha kuliko yeye alivyowahi kuweza. Akakimbia. Sanduku lile lile alilolichoma lilikuwa katikati ya darasa, watoto wakilizunguka. Akasimama mlangoni akitikisa kichwa, akipunga mikono yote miwili, machozi yakimtiririka, akiwasihi kwa midomo tu watoke, watoke.

"Mnamwona anavyoigiza?" likasema sanduku. "Mpigieni makofi."

Wakampigia.