Tisini na Mbili kwa Mia

Kila asubuhi Joyeuse alipanda kutoka chemchemini na bidoni la maji, akachochea moto jikoni, kisha akaenda kumfunga koko wake vifungo vya gauni. Koko ndivyo watoto wa Butembo wanavyomwita bibi. Mwezi wa kwanza Koko Emérence aliteleza uani akavunjika mkono. Wala hakuanguka kwa kishindo. Aliketi chini kama mtu anayekaa mkekani, akajishika kwa kiganja, na mfupa ukalia ka! Sasa ulikuwa umeunga, lakini vidole vilikuwa bado vizito.

Wakati akifungwa vifungo, koko alitazama milima ya kusini.

"Kule Masereka sasa banapalilia maharagi," alisema.

Alisema hivyo kila siku, na kila siku Joyeuse aliingiwa na simanzi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu watu wenye bunduki wapande kilima chao, na familia nzima ikateremka mjini na magodoro kichwani. Butembo kulikuwa na shule na soko kubwa, hakuna aliyekataa. Lakini hapakuwa na viazi vya kuchomwa kwenye majivu ya shambani, wala ukungu wa alfajiri, wala kaburi la babu ambalo koko alikuwa akilifagia kila Jumamosi. Siku hizi habari zilikuja kwamba kilima kimetulia, na majirani kadhaa walikuwa wamekwisha kurudi. Koko naye alitaka kurudi. Alikuwa amemwahidi Joyeuse kwamba watakwenda pamoja likizo ya Pasaka.

Kitu kimoja tu kiliwazuia, nacho ni karatasi.

Baba mdogo Malachie, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa amempeleka koko Kampala apimwe mifupa, kwa maana mganga wa hospitali alishangaa kuona mkono unavunjika kwa kuteleza kudogo namna ile. Koko alilazwa kitandani, mashine ikapita juu yake bila kumgusa. Majibu yalitoka siku ile ile lori la Malachie lilipokuwa tayari kuondoka. Akaitia bahasha mfukoni, akamfikisha mama yake nyumbani, akamwachia bahasha hiyo, kisha akarudi mpakani Kasindi kufuata mizigo yake. Docteur Kasonia, mganga wao, alikuwa na kazi Beni, na angerudi Alhamisi.

Alhamisi ni mbali sana kwa mtu mwenye hamu. Jumamosi koko alishindwa kuvumilia.

"Mujukuu yangu, wewe uko mwaka wa sita. Unajua kusoma. Nisomee ile karatasi."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Joyeuse alisoma Kifaransa. Angeweza kusema hivyo. Lakini tangu mwaka wa kwanza alikuwa wa kwanza darasani, na neno "sijui" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikunja uso wa kisomi, akapitisha kidole juu ya mistari. Ghafla akaona tarakimu mbili anazozifahamu vizuri: 66% na 92%.

Nani asiyejua maana ya alama hiyo? Kila mwisho wa mwaka shuleni mkurugenzi husimama mbele ya wazazi na kusoma alama za kila mtoto kwa mia. Hamsini umepita. Sabini unapigiwa makofi. Tisini na mbili Joyeuse mwenyewe hakuwahi kupata.

"Koko, umepita!" alipiga kelele. "Hapa sitini na sita, hapa tisini na mbili! Iko grande distinction, sifa kubwa!"

Koko alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Joyeuse alicheka, akashusha macho kumalizia ukurasa, na chini kabisa akakuta neno moja lisilohitaji kufasiriwa: fracture. Lilikuwa lile lile ambalo muuguzi aliliandika kwenye kadi ya koko siku ya mkono, maana yake mfupa umevunjika. Pembeni yake palikuwa na neno jingine lililofanana sana na "risque", yaani hatari.

Alilifunika kwa kidole gumba. Pengine wanazungumzia mkono ule wa zamani, alijiambia. Kisha akaikunja karatasi haraka, maana alikwisha kuanza kusikia harufu ya viazi vya Masereka.

Jumatatu asubuhi, likizo ya Pasaka ikiwa imeanza, lori la kwenda Masereka kupitia Musienene lilingoja barabarani. Koko alikuwa amejaza kikapu chake mbegu za maharagi, chumvi, sabuni na jembe. Wanawake wa milima ile hubeba mzigo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mbebaji huchuchumaa, huvaa kamba, huinama mbele, kisha huinuka kwa nguvu ya shingo na uti wa mgongo. Koko alibeba hivyo tangu akiwa na miaka saba.

"Mama, acha mimi nibebe," alisema Mathe, baba yake Joyeuse.

"Kwani hukusikia pourcentage yangu, tisini na mbili?" koko alimjibu, na watu wote wakacheka.

Joyeuse hakucheka. Tangu Jumamosi neno lile lilikuwa limemganda akilini. Alimtazama koko akichuchumaa, akivuta kamba hadi kwenye paji, akiinama. Mgongo wake ulikuwa mwembamba sana chini ya gauni.

"Koko, hapana! Acha! Usinyanyuke!"

Kila mtu alimgeukia.

"Mimi sikuelewa ile karatasi," alisema, machozi yakimtoka. "Iko ya Kiingereza. Niliona tu zile point. Mais lakini neno moja nililijua. Imeandikwa fracture. Nililificha."

"Sasa kwa nini ulificha?" koko aliuliza, bado amechuchumaa.

"Nilitaka twende."

Koko alivua kamba polepole, akaingia ndani, akafunga mlango. Lori liliondoka bila wao. Joyeuse angependa agombezwe, hata achapwe. Siku tatu koko hakutazama milima, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Alhamisi Docteur Kasonia aliitandaza karatasi mezani. Aliposikia habari ya grande distinction hakucheka.

"Mama Emérence, hizi hapana point za masomo. Mashine ililinganisha mifupa yako mara mbili. Kwanza na ya mwanamuke kijana wa miaka makumi tatu. Kama yake iko mia, yako imebaki sitini na sita. Kisha ikalinganisha na ya bamama ba rika yako. Hapo ndipo tisini na mbili."

"Donc basi, kwa rika yangu niko muzuri?"

"Unafanana nabo. Mais nabo mifupa yabo imechoka. Kufanana nabo hakukulindi." Akamgeukia Joyeuse. "Sasa wewe, soma hapa. Pole pole."

"Mbili nukta tisa."

"Na kale kamustari mbele yake?"

Joyeuse alidhani ni wino umeteleza. "Kutoa," alisema kwa sauti ndogo. "Kutoa mbili nukta tisa."

"Ndiyo. Ikishuka mpaka kutoa mbili na nusu, tunaita ostéoporose, na yako imepita hapo. Mufupa kwa inje uko muzima, mais ndani umekuwa matundu matundu. Kikapu kile kingeweza kuvunja uti wa mugongo."

Koko akauliza, "Dawa iko?"

Docteur alimweleza bila kumficha. Ndakala, yaani dagaa, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa, mboga za majani na jua la asubuhi vingemsaidia, na kwa mtu ambaye hajavunjika huenda vingetosha. Kwa aliyekwisha kuvunjika havikutosha. Kulikuwa na kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki, Malachie angekileta kutoka Kampala. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mtu hukaa wima nusu saa bila kulala, maana kinaweza kuunguza koo. Kwanza angepimwa damu kuona kama figo ziko salama.

"Kidonge kitanirudishia mifupa ya usichana?"

"Hapana, mama. Kitazuia isiendelee kwisha, na kitapunguza kuvunjika. Utameza miaka. Chagua mwenyewe."

"Na kilima changu?" koko aliuliza. "Nitakufa nikikitazama kwa mbali?"

"Kilima panda. Kutembea kunasaidia mifupa. Kikapu ndiyo hapana, hata siku moja."

Koko alifikiri, kisha akasema atameza kila Jumapili akiamka, kwa kuwa kabla ya misa hali kitu, na njia ya kanisani huitembea wima. Docteur alikubali kwamba mpango huo ni mzuri.

Njiani kurudi nyumbani koko alimshika Joyeuse bega.

"Siku ile ulisoma roho yangu, hapana karatasi," alisema. "Na mimi nilikuwa natamani sana, sikuuliza mara mbili. Tulikosa sisi bawili."

Damu ilionyesha figo ziko salama, na Malachie alileta vidonge. Mwezi wa saba, shule zilipofungwa, waliondoka. Lori liliwaacha barabarani, wakapanda kilima kwa miguu. Mathe alibeba mzigo, koko alitembea mikono mitupu na fimbo yake, akinung'unika kwamba anaonekana kama mgeni. Walipofika juu alisimama mbele ya kaburi la mumewe, akalia kwa sauti bila kuona haya, na Joyeuse akalia pamoja naye.

Jirani yao wa zamani, Mama Sophie, alikuja kuwasalimu. Aliuliza ilikuwaje mwanamke wa umri ule akafika kwa miguu yake mwenyewe. Koko alimvuta Joyeuse karibu.

"Huyu mutoto aliniambia maneno mara mbili," alisema. "Ya kwanza alijifanya kujua, na ilinifurahisha. Ya pili alisema 'sikuelewa', na iliniliza. Mais Sophie, ile ya kwanza ingenileta hapa juu ya kipoyi, watu wanne wamenibeba. Ile ya pili ndiyo imenifikisha."