Aliyeshika Dumu

Nisameheni mapema, kisa hiki nitakiharibu. Kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, na kila nikijaribu kutisha, wa viti vya mbele huanza kucheka kabla maiti hajaingia. Basi atakayecheka pasipofaa asione haya, nimeshazoea. Ila aliyenisimulia ni dadangu Mirriam, na yeye hakucheka.

Mirriam ameolewa na Kombe, karani wa bandarini, mtu wa Kaloleni aliyehamia Mji wa Kale mwaka jana. Kombe ana mapenzi mawili: mke wake, na gari aliloachiwa na babake. Gari lenyewe ni kongwe kutushinda sote, rangi ya chai ya maziwa, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyekurupushwa usingizini. Kila Jumamosi alikuwa akilipangusa kwa fulana zake nzuri. Zile mbovu alivaa yeye.

Mimba ya Mirriam ilipokomaa nilimwambia Kombe, "Shemeji, siku ikifika ita tuktuk."

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Mwanangu atakwenda kuzaliwa kwa heshima zake!"

Siku ikafika. Ilikuwa Ijumaa, jua la utosi, wanaume wako msikitini, maduka yamefungwa, tuktuk zimeegeshwa bila madereva. Mkunga alikuwa ameshaonya kwamba mtoto amekaa vibaya. Uchungu ukianza Mirriam asicheleweshwe, la sivyo watapotea wote wawili. Kombe akamlaza kiti cha nyuma, akashika njia ya hospitali, upande wa Tononoka. Si mbali hata kidogo.

Gari likamaliza vichochoro viwili. Likakohoa. Likazima.

Kombe akafungua boneti. Kabureta kavu. Pampu, ile inayovuta petroli kutoka kwenye tangi, ilikuwa imekufa. Sasa, gari la kizamani lina dawa yake ya kizamani: unaachana na pampu, unaweka dumu la petroli juu ya paa, unateremsha mpira hadi kwenye kabureta, na mafuta yanashuka yenyewe. Dumu la akiba alikuwa nalo. Mpira alikuwa nao. Alichokosa ni mtu wa kulishika lisianguke. Mkono mmoja ni wa usukani, mmoja wa gia, na wa tatu Mungu hakumpa.

Nyuma, Mirriam akapiga yowe.

Kombe akageukia madirisha yaliyofungwa, akapiga ukemi kama wanavyopiga kwao Kaloleni: "Jamani! Yeyote aliyeko! Nishikieni!"

Hakuna dirisha lililofunguka. Hata kunguru walinyamaza.

Kisha sauti ya mwanamke, taratibu, upande wa kushoto wa gari.

"Nimeshika. Endesha."

Kombe hakuuliza, wala hakutazama dumu na mpira viko wapi. Aliona mkono tu juu ya paa, hina mpaka kwenye kifundo, akarukia usukani. Gari likawaka mara moja.

Kichochoro kikazidi kubana. Kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kikaanza kukwangua ukuta wa mawe. Pale hapapiti mtu. Hapapiti hata paka.

"Kombe," Mirriam akanong'ona.

"Vumilia, mama."

"Huyo mwenzetu amekaa wapi?"

Kombe akatupa jicho kushoto. Kiti kitupu. Dirishani, vidole vinne vyenye hina vilikuwa vinaning'inia kutoka juu ya paa.

Havikushika kitu.

Mguu wake ukatafuta breki.

"Usisimame," Mirriam akanong'ona. "Kombe, nakuomba. Akiachia, tumekwisha."

Hakusimama. Wakatokea Ndia Kuu. Uchungu ukapanda. Mirriam akauma kitambaa cha kiti. Na juu ya vichwa vyao bati likalia, polepole, kama kitanda cha mtu anayejigeuza.

"Bado, mwanangu," ikasema sauti huko juu. "Bado kidogo."

Kombe akakanyaga mafuta.

Hospitalini wauguzi wakampokea Mirriam mbiombio. Daktari alisema baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu, angekuwa anasema maneno mengine. Mtoto wa kike. Mzima. Wakamwita Kache.

Kombe akatoka nje apate kulia peke yake. Askari wa lango, Kioko, akamjia juu.

"Wewe baba! Mgonjwa wa ndani mmemteremsha. Na yule wa juu?"

"Wa juu gani?"

"Yule mama! Mmemlaza kifudifudi juu ya paa kama godoro la kuhamia. Hiyo ni adabu gani?"

"Yuko wapi?"

Kioko akatazama paa. Akatazama uwanja mzima. Hasira zikamtoka usoni, akarudi langoni kwake.

Jioni Kombe aliliacha gari hospitalini, akarudi nyumbani kwa miguu. Jirani yao, Bi Mejumaa, muuza viazi karai, alikuwa akimngoja mlangoni na dumu.

"Bwana Kombe, hili uliliacha kichochoroni, limeegemea ukuta. Na mpira wako huu."

Dumu lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Mpira ulikuwa mkavu. Kombe akakaa chini barazani, akamweleza yote.

"Kwani ulimwita nani?"

"Nilisema yeyote."

Bi Mejumaa akashika mdomo. "Yarabi! Mwanangu, huku mtu huitwa kwa jina lake, tena saa ile, waume wote wako msikitini. Kwenu ukisema yeyote, kijiji kizima chaja. Huku yeyote ni yeyote."

Fundi Dzoro wa Makupa akaletwa kulitazama gari. Pampu, mpira wake wa ndani umepasuka vipande viwili. Kabureta kavu kama biskuti. Akajaribu kuwasha, kwa mzaha tu. Likawaka. Dzoro akazima, akajifuta mikono, kisha akainua macho akaona paa. Bati lilikuwa limebonyea umbo la mtu aliyelala kifudifudi: bega, nyonga, shavu. Akaligonga kwa nyundo mpaka likanyooka.

Ijumaa iliyofuata, saa za mchana, lilikuwa limebonyea tena.

Kombe hajaligusa gari tangu hapo, wala hakuhangaika kutafuta wa kumwachia. Katika ukoo wetu mzima kuna mjinga mmoja tu aliyesikia kisa hiki chote mpaka mwisho, akakuna kidevu, akauliza, "Kwa hivyo halinywi petroli?"

Ufunguo ninao mimi.