Maji Yenye Harufu ya Chiriku

Siku mashine ya kupasha maji ilipofungwa walikuwepo Mama Chiriku, mumewe aliyekuwa dereva wa lori, mama mkwe wake, fundi, na Bonge, mtoto mdogo wa nyumba ile, amebebwa mgongoni kwa bibi yake. Chiriku mwenyewe hakuwepo. Homa ilimchukua msimu wa mvua uliopita, akiwa na miaka sita, na tangu hapo chumba chake kilikuwa kimefungwa, mlango na dirisha.

Walimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maswali. Kwa nini moshi unapanda? Kwa nini bibi hana meno upande huu? Ukimjibu, jibu lenyewe analigeuza swali jingine. Alipoondoka, nyumba ilikuwa kimya hata saa ya sebuleni ikasikika mpaka jikoni.

Mashine aliinunua mume. Kila alfajiri alimkuta mkewe amechutama mbele ya jiko la mkaa akipasha maji ya kumwogesha Bonge, macho mekundu, na hakujua kama ni moshi au ni kilio. Hakuweza kumuuliza. Akanunua kitu cha kumwondolea moshi.

"Hii ni friji iliyogeuzwa," fundi alieleza. "Haichemshi maji. Inavuta joto lililo kwenye hewa, inalitia kwenye tangi. Joto linatoka mahali, linakwenda mahali. Iwasheni mchana jua likiwa kali, haitakula umeme mwingi. Ila ikae nje."

"Nje wezi wataibeba pamoja na ukuta," mume alisema.

Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna kile chumba. Wote walimtazama Mama Chiriku. Alikubali kwa sharti moja, dirisha lisifunguliwe. Harufu ya mwanawe ilikuwa bado humo, ya mafuta ya nywele, penseli za rangi na jasho la mtoto aliyetoka kucheza. Kila jioni alifungua mlango kidogo, akavuta pumzi moja, akafunga. Hilo hakulisema. Mama mkwe alilijua, na kwa sababu alilijua alimwambia fundi, "Fanya hivyo hivyo, baba."

"Chumba kikifungwa, mama, hewa yake itaishiwa joto," fundi alisema. Akaingia, akasimama. Alishika ukuta, akashika godoro. "Mbona pana joto hivi? Kama kitanda alichoamka mtu sasa hivi."

Alifunga mashine harakaharaka, akaondoka bila kunywa chai aliyowekewa.

Maji yalikuja ya moto kweli. Mama Chiriku alifungua bomba la bafuni, mvuke ukapanda. Mvuke ulinukia mafuta ya nywele, penseli za rangi na jasho la mtoto aliyetoka kucheza. Alisimama chini ya maji yale mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Alitoka amelia, lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala.

Akaanza kuoga asubuhi na jioni, halafu na mchana. Mume akiwa safarini alipiga simu akaambiwa mkewe yuko bafuni, akapiga tena, bado. "Nimeoa samaki," alimwambia mama yake, akicheka kwa furaha kwamba mkewe anajipenda tena. Bonge naye aliogeshwa kwa maji yale yale, na ndani ya beseni alikuwa akimchekea mtu aliyekuwa nyuma ya bega la mama yake.

Kisha bomba likaanza kusema. Ilikuwa sauti ndogo, ikija na maji. Mama. Njoo. Oga tena. Mama Chiriku hakuogopa. Aliinamisha sikio karibu na bomba, akatabasamu.

Kadiri maji yalivyozidi moto, nyumba ilizidi kupoa. Nje watu walijipepea kwa magazeti, ndani sakafu ilikuwa ya kuchoma nyayo kwa baridi. Chakula kilipoa kati ya sufuria na sahani. Bonge, aliyeitwa hivyo kwa mashavu yake, mashavu yakamwisha. Bibi yake alimlaza mapajani, akamsugua miguu, akainua macho.

"Mwanangu," alinong'ona, "miguu ya mtoto haipati joto."

"Amecheza sakafuni, mama."

"Leo hajashuka mgongoni kwangu."

Mchana mmoja wa jua kali umeme ulikatika mtaa mzima. Redio ya kinyozi wa jirani ilinyamaza katikati ya neno. Mashine ya maji iliendelea kunguruma.

Mama Chiriku alisimama mbele ya mlango na Bonge kiunoni, akasikiliza ule mngurumo, na ndani ya mngurumo akasikia kucha zikikwaruza bati la tangi taratibu, kama mtoto anayechora, kisha harufu ikatoka chini ya mlango, nzito kuliko siku zote, ikampanda magotini, kifuani, mpaka usoni, na sauti aliyoililia miezi yote ikasema kutoka ndani, Mama, nasikia baridi, naye akafungua mlango kabla hajajua kama mkono ule ni wake, akaona pumzi yake inatoka nyeupe kama moshi, akaona barafu nyembamba imeganda ukutani juu ya michoro ya penseli, na kitandani, chini ya shuka lililotandikwa wakati wa msiba, akaona umbo dogo limejikunja limempa mgongo, nywele zimesukwa vilevile alivyozisuka yeye mwenyewe mara ya mwisho, na kati ya mistari ya nywele ngozi ilikuwa ya kijivu, haina kitundu hata kimoja cha unywele, laini kama sahani.

"Mlete mdogo wangu," umbo lilisema bila kugeuka. "Alale hapa. Nataka joto tu."

Na Mama Chiriku akapiga hatua. Alikuwa ameshainama, ameshafunua shuka, na Bonge hata halii, ndipo mikono ya mama mkwe ilipopita chini ya mikono yake ikamchukua mtoto.

Mama mkwe hakupiga kelele. Hakumsuta siku ile, wala siku yoyote baada ya hapo. Alimtia Bonge ndani ya nguo yake, ngozi kwa ngozi, akamvuta mkwewe kwa kiwiko mpaka sebuleni, akamfunika blanketi. "Kaa hapa," alisema. "Namwita mwosha."

Mwosha maiti ndiye aliyemwosha Chiriku. Kazi yake hiyo ilijulikana na wote. Wachache walijua kwamba husema pia na vitu visivyokuwa watu wala wafu.

"Majirani wameniona nikikata kona huku, sasa wanahesabu wagonjwa wao," alisema akivua viatu. "Mwosha huoshwa, lakini leo sijaja na sabuni." Akagusa nyayo za Bonge. Mzaha ukaishia hapo.

Alikwenda akasikiliza mlangoni, akarudi, akaketi chini karibu na Mama Chiriku.

"Ni jini," alisema polepole. "Chumba cha msiba kikifungwa sana hupata mpangaji. Hili halina joto lake. Lilikuwa limejikunja juu ya joto aliloliacha mtoto, kama kuku juu ya mayai. Mashine ikalinyang'anya. Sasa linataka jingine, na lililo karibu ni la huyu."

"Ni mwanangu. Nimemnusa. Mimi nidanganywe na harufu ya mwanangu?"

"Harufu ni yake, mama. Sikufichi. Ni ya Chiriku kweli, na ndiyo iliyobaki. Dirisha likifunguliwa itatoka pamoja nalo."

"Basi siwezi."

Mwosha hakumlazimisha. Alimshika mkono, akauacha utulie ndani ya mkono wake. Kisha akauliza, "Alikuwa anauliza maswali mangapi kabla ya chai ya asubuhi?"

Mama Chiriku alijikuta akitabasamu. "Hayahesabiki."

"Na huyu wa humo ndani, tangu aanze kukusemesha, amekuuliza nini?"

Alifikiri. Njoo. Oga tena. Mlete. Alipitia maneno yote, mara mbili, akitafuta hata swali moja. Tabasamu likamtoka usoni.

"Aliyefunga ndiye afungue," mwosha alisema.

Waliingia wote wawili. Mashine ilinguruma kwa nguvu, tangi likatetemeka. Mama Chiriku hakutazama kitandani. Alifika dirishani, akaweka vidole kwenye komeo lililoganda, akalivuta nusu.

"Kwa nini, Mama?"

Mkono ulisimama. Sauti ilikuwa ile ile, ikipanda mwishoni kama alivyokuwa akiipandisha.

"Limetusikia tukizungumza," mwosha alinong'ona nyuma yake.

Mama Chiriku aligeuka akamtazama usoni, akaona kwamba mwosha naye hana hakika.

"Kwa nini unafungua? Kwa nini unalia, Mama? Kwa nini mimi?"

Sebuleni Bonge alikohoa, kikohozi kidogo, kikavu. Mama Chiriku aliweka paji la uso kwenye mbao za dirisha. "Sijui, mwanangu," alisema. "Mama hajui." Akasukuma mbao zote mbili.

Baridi ilimpita ubavuni kama mtu anayekimbilia mlango. Kwenye kamba ya jirani nguo zilizokuwa zinakauka zilikakamaa, kisha zikalegea. Harufu ikaja mwisho. Ilimgusa shavuni, akajaribu kuivuta yote kwa pumzi moja, na pumzi ilipokwisha palikuwa na vumbi tu na jua.

Jioni ile miguu ya Bonge ilipata joto. Wiki hiyo fundi alirudi akaihamishia mashine nje, mume akaichomelea kizimba cha nondo. Ipo mpaka leo, inanguruma mchana jua likiwa kali. Maji yake ni ya moto, na hayanuki kitu.