Rekodi ya Mwaka Jana

Haya yalimpata rafiki yangu mtangazaji, na Mungu ndiye shahidi yake, maana hata mimi mwanzoni nilimkatalia. Kila asubuhi alisoma redioni mambo makubwa yaliyotokea tarehe kama ile zamani: vita, mafuriko, wafalme kupinduliwa. Baadaye uvivu ukamwingia, akawa anarusha rekodi ya mwaka uliopita. Alisema tarehe ni ileile, na waliokufa hawafi upya.

Siku hiyo fundi mitambo, ambaye hawapikiki naye chungu kimoja, alimzuia mlangoni mwa studio.

"Unarudia tena, mzee wa viporo?"

"Yakuhusu nini? Wewe kazi yako nyaya."

"Bosi alisema ukirudia, kazi huna. Na leo nakuchongea mwenyewe."

Mtangazaji akambamizia mlango usoni, akavaa hedifoni aisikilize rekodi kabla ya kuirusha. Chumba kile hakina dirisha, na sauti ya nje haipenyi. Aliisikia sauti yake ikisoma vita, kisha mafuriko. Halafu rekodi ile ya mwaka jana ikasema, kwa sauti ya fundi, "Unarudia tena, mzee wa viporo?" Ikafuata sauti yake akimjibu, na mlango ukabamizwa. Kisha ngumi zikaanza kuupiga mlango, na sauti yake mwenyewe ikalia, "Nifungulie, kaka, kuna mtu humu."

Akang'oa waya wa hedifoni. Hapohapo umeme ukakatika, giza likajaa chumba kizima, mitambo ikanyamaza.

Kilio kile kiliendelea masikioni mwake, waya ukiwa mkononi.