Shangwe za Kwenye Ujia

Foleni ya watalii ilikuwa ndefu kwenye geti la uwanja wa mpira, na wa mwisho alikuwa dada mmoja mshonaji, gauni lake la kijani limemkaa sawasawa. Mwongoza wageni, ambaye wenzake humwita Kipenga kwa ukali wa sauti yake, alimwona akasahau hotuba aliyoikariri. Mtu mzima huyo!

"Dada, mbona umenuna? Uwanja wote huu maarufu!"

"Nimekuja kuuona, sikuja kuucheka."

Mshonaji alizunguka na watalii wenzake kote, lakini kwenye ujia wa giza wanaopitia wachezaji akagoma. "Huko siingii." Kipenga hakuuliza. Aliomba namba.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?" mshonaji anauliza.

"Nakula sauti yako."

"Muongo wewe! Utakufa njaa."

Asubuhi moja, kabla wageni hawajafika, Kipenga akamvuta mkono hadi ujiani. "Nina zawadi yako." Akabonyeza kitufe anachobonyeza kila siku kuwafurahisha watalii. Vipaza sauti vikanguruma, umati mzima ukapiga kelele gizani. Mshonaji akaanguka magoti, kaziba masikio.

"Zima! Hizo si shangwe! Ni siku ile lango la ujia huu lilipofungwa watu wakakanyagana. Nilimshika mkono kaka yangu, ukaniponyoka. Kilio chake cha mwisho kimo humo, na wewe unawafurahisha nacho wageni!"

Akaondoka. Simu hakupokea.

Kipenga akamwendea fundi wa mitambo. Mzee akakwepa macho yake. "Bosi alisema kelele nzuri hivyo hazitupwi. Nyamaza, mwanangu, ulinde kibarua chako."

Akarudi ujiani peke yake, akasikiliza. Chini ya ngurumo, watu walikuwa wanalia: fungua, fungua. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia wageni wapige makofi. Aliona aibu.

Akapiga tena simu. Safari hii ikapokelewa.

"Mpenzi, usikate. Nimesikia. Leo nawaambia wageni ukweli, na watapita ujiani bila kelele zile. Wakinifukuza, wanifukuze. Njoo tupite wote."

"Naogopa."

"Hata mimi."

Alikuja na gauni lile lile la kijani. Mbele ya watalii Kipenga akaeleza yote. Wakaingia ujiani taratibu, wawili hao mbele, mkono kwa mkono.

Walipofika katikati, ngurumo ikalipuka. Juu ofisini, bosi alikuwa amebonyeza kitufe cha huko mwenyewe.

Hakuna aliyepiga makofi. Watalii walisimama gizani, mmoja akavua kofia, na wote wakasikia: fungua, fungua. Vidole vya mshonaji vilimng'ang'ania Kipenga.

"Usiniachie."

"Siachii."

Bosi akabonyeza kingine: mlango wa mbele, uliokuwa wazi, ukaanza kufungwa, kama lango siku ile.

"Kimbia nami," akasema Kipenga, wakaukimbilia mwanga wa mlangoni, na hakuachia mkono wake.