Aliyeandikwa Bila Kufika

Asubuhi ya Jumanne kofia zilikuwa tatu.

Jioni iliyotangulia Bi Vernell Gaither aliacha mbili, na alikuwa na hakika ya hilo kama ya jina lake. Kila mwanafunzi alipewa kipande kimoja cha sufu nzito, akakilainisha kwa mvuke wa birika, akakivuta juu ya kichwa cha mbao mpaka kikashika umbo, akakifunga kamba na kukiacha kikauke hadi kesho. Zaniyah yake ya zambarau. Khamari yake ya kijivu, imelala upande kama mlevi. Sasa kwenye kichwa cha tatu, mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu, palikuwa na kofia nyeusi, ukingo wake umeshushwa kwa ustadi ambao Bi Vernell mwenyewe aliupata baada ya miaka kumi ya kuungua vidole.

Akaiinua. Ndani ilikuwa na joto, kama kichwa kilichoivaa kimetoka sasa hivi. Ilinuka shaba, kama sarafu zilizofumbatwa kwenye kiganja chenye jasho.

"Nani kafanya hii?"

"Si mimi," alisema Khamari. "Ingekuwa mimi, ningekuwa nishaomba kupandishwa cheo."

"Wewe?" Zaniyah akacheka. "Hiyo kofia yako hata njiwa hatagi humo."

Bi Vernell hakucheka. Alikitazama kile kiti kitupu, kisha akaitazama karatasi ya mahudhurio iliyotundikwa mlangoni.

Jambo lenyewe ni hili, na sitalipamba. Karakana yake iko Mtaa wa Pennsylvania, Baltimore, na nusu ya kofia unazoziona kanisani kwetu Jumapili zimetoka mikononi mwake. Kila kiangazi jiji huwatafutia wanafunzi wa sekondari kazi za wiki tano na kuwalipa. Mwenyeji kazi yake ni kuwapokea, kuwafundisha, na kuthibitisha kwamba wamefika. Sharti ni moja: penye vijana chini ya watatu hapahesabiki. Hufutwa, na waliopo huhamishiwa kuokota takataka kandokando ya barabara kuu.

Bi Vernell alipangiwa watatu: Zaniyah Poole, Khamari Biddle na Davion Sewell. Davion hakufika. Alipopigiwa simu, haikupatikana.

Angetoa taarifa. Lakini siku ile ya kwanza alikuwa ameiona mikono ya Zaniyah. Binti wa miaka kumi na sita, hajawahi kushika sufu, na sufu ikamtii. Bi Vernell vidole vyake vimeanza kukunjwa na baridi yabisi, na hana mtoto wa kumwachia kazi. Basi jioni, vijana walipoondoka, alishika kalamu kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wake, akatia sahihi: Davion Sewell. Akakitania na kile kiti kitupu, masikini: "Umefanya kazi nzuri leo, mwanangu. Kesho usichelewe."

Akafanya hivyo wiki nzima.

Nami sina ubavu wa kumhukumu. Nimewahi kujaza fomu kwa uongo, Mungu anisamehe, nikajiambia ni karatasi tu. Lakini karatasi ni neno, na neno ukiliacha wazi kama mlango, si wewe utakayechagua nani aingie.

Jioni ya Jumanne ile Bi Vernell alikwenda mlangoni na kalamu yake. Sahihi ilikuwa tayari imetiwa. Davion Sewell, kwa mkono wa kulia, na wino ulikuwa bado unang'aa.

Jumatano, mchana kweupe, jua limewaka mpaka lami inanata viatuni, kiti cha tatu kilianza kulia. Kiii. Kinanyamaza. Kiii. Mlio uleule wa mtu mzito anayeinama na kuinuka juu ya kazi yake. Khamari alikuwa ameinamia kofia yake, mdomo umejaa pini, akanyoosha mkono bila kutazama.

"Davion, nipe kamba."

Akapewa kamba.

Aliishika, akaanza kufunga, kisha mikono ikasimama. Akazitema pini moja moja.

"Bi Vernell," alinong'ona, "mimi nimemwita nani?"

"Funga kofia yako, mwanangu."

"Hapana, niambie. Mimi huyo Davion simjui. Kwa nini najua jina lake? Kwa nini najua ana mkono wa baridi?"

Na tangu saa ile Zaniyah alianza kupungua.

Kwanza alipuuza. Walipokwenda kununua kuku na viazi mchana, muuzaji alimhudumia Khamari, akamhudumia mama aliyekuwa nyuma yake, akafuta meza. Zaniyah akagonga kaunta mpaka chupa zikaruka ndipo yule mtu akashtuka na kusema, "Samahani, binti, sikukuona." Jioni dereva wa basi alimfungia mlango usoni. Nyumbani shangazi yake alipakua sahani moja, na alipoulizwa alimkazia macho kwa muda mrefu mno kabla ya kusema jina lake, tena kwa kubahatisha.

"Shangazi kaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba," alisema Alhamisi asubuhi. Kitambulisho alichovaa shingoni herufi zilikuwa zimefifia, imebaki Z na alama kama ya maji. Macho yake yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa ileile. "Mimi nimezaliwa mwenye kelele, Bi Vernell. Sipotei kimyakimya. Kuna kitu humu ndani, na wewe unakijua."

Bi Vernell aligeukia dirisha, akalifungua. Alisema, "Ni joto tu, mwanangu." Aliponisimulia hapo alishusha macho, na mimi nikashusha yangu.

Mchana huo alikuja Mama Ozella Whitby, mama mlezi wa kanisa letu, kupima kofia ya Jumapili ya Wanawake. Ana miaka themanini na mitatu na hutembea na kichupa cha mafuta ya upako mkobani kama wengine wanavyobeba dawa ya kikohozi. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Vernell, una vijana wangapi?"

"Wawili, Mama."

"Basi huyo anayenipa mgongo ni nani?"

Zaniyah, kwa ukaidi wake, aliichukua ile kofia ya zambarau, akajivika, akamshika Mama Ozella mkono wakasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja. "Tuangalie basi," alisema. "Tumwone."

Kiooni alikuwepo Mama Ozella, na kando yake kofia ya zambarau ilikuwa imeelea hewani, chini yake hapana uso, hapana shingo, hapana bega, na nyuma kabisa, kwenye kiti cha tatu, kijana mwenye kofia nyeusi alikuwa amekaa amegeuzia kioo mgongo, mabega yanapanda na kushuka, na kadiri kofia ile ya zambarau ilivyotetemeka ndivyo mgongo ule ulivyozidi kuwa mgongo, ukiota mikunjo ya shati, ukiota jasho kwapani.

Zaniyah hakupiga kelele. Alisogea kwenye kioo akakipiga kofi. "Nirudishie!"

Mama Ozella alikuwa amekwisha kufungua kichupa. "Pepo, toka! Kwa jina la Yesu, toka kwenye nyumba hii!"

Sauti ikatoka kwenye kiti, ya adabu, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Siwezi, Mama. Nina kazi. Nimeandikwa."

"Nani kakuandika?"

"Muulize Bi Vernell."

Mama Ozella akageuka polepole. Bi Vernell akakaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya sufu, akasema yote.

"Ulisema uongo kwa ajili ya nani?" Mama Ozella aliuliza.

"Kwa ajili ya Zaniyah. Wasimhamishe."

"Basi ndiye anayekulipia. Yule hana mwili wake, hana jina lake. Akitaka kuwa mtu lazima achukue kwa mtu." Akafunga kichupa.

"Mama, unafunga? Huombi?"

"Nitaomba mpaka magoti yachubuke. Lakini siwezi kumfukuza mtu mwenye mkataba. Mafuta yangu hayafuti wino wako, Vernell. Umemwandika kwa siri, kamfute mbele ya watu."

"Mkaguzi wa mpango wa jiji anakuja kesho. Wataifunga karakana. Watamchukua mtoto."

"Kama atakuwepo wa kuchukuliwa," alisema Mama Ozella.

Ijumaa saa nne asubuhi Bwana Pettway, mkaguzi, aliingia na faili lake na kikombe cha kahawa. Mtu mwema, mwenye haraka. Khamari alikuwa pembeni, amekumbatia kichwa cha mbao kama ngao. Zaniyah alisimama katikati ya chumba, mbele yake kabisa, hatua mbili.

"Khamari, habari yako." Akampa mkono. Kisha akageukia kiti cha tatu, uso ukamchangamka. "Na wewe ndiye Davion! Nasikia wewe ndiye fundi humu. Hongera, kijana." Akanyoosha mkono, na mkono wake ukapanda na kushuka, umeshikwa. Akatazama faili. "Na huyu binti, Zaniyah, leo hakuja?"

"Niko hapa!" alisema Zaniyah.

Bwana Pettway akanywa kahawa.

"Niko mbele yako, mzee! Nimesimama kwenye kivuli chako!"

Akafungua kalamu. "Nimwandike hayupo, Bi Vernell?"

Harufu ya shaba ikajaa chumba, na kutoka chini ya ukingo wa kofia nyeusi sauti ile ya adabu ikamjia Bi Vernell sikioni peke yake, karibu sana, ikimwambia kwamba akisema ukweli mlango huu utafungwa na jina lake litaaibika kuanzia jijini mpaka madhabahuni, bali akinyamaza, akitikisa tu kichwa, atapata alichokiomba kwa Mungu miaka ishirini, fundi wa kumrithi asiyechoka, asiyeugua, asiyeondoka, kwani ameiona kazi yake, je, kuna binadamu anayeshusha ukingo namna ile, na msichana huyu ana nini zaidi ya kelele?

Bi Vernell aliitazama ile kofia nyeusi. Nzuri, kweli ilikuwa nzuri. Akamtazama Zaniyah, ambaye sasa mlango ulionekana kupitia kifuani mwake, na bado binti alikuwa ameshika kiuno.

"Nimedanganya," alisema Bi Vernell.

"Unasemaje?"

"Davion Sewell hajawahi kukanyaga hapa. Hata siku moja. Sahihi hizo nimeziandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Niandike mimi mwongo."

"Bi Vernell, kijana amekaa hapo..."

"Hakuna mtu hapo!"

Birika likapiga mluzi bila moto chini yake, vichwa vya mbao vikaanza kugongana rafuni ko-ko-ko kama meno ya mtu mwenye homa, kiti kikalia mfululizo, na yule aliyekaa akainuka, akainuka, akazidi kuinuka mpaka kofia ikagusa dari, na adabu yote ikamtoka, akawa anapiga kelele kwa sauti ya Khamari, kwa sauti ya shangazi yake Zaniyah, kwa sauti ya Bi Vernell mwenyewe ikisema kesho usichelewe, kesho usichelewe, na Bwana Pettway amekaza macho na kahawa inamwagikia viatu, na ndipo Zaniyah alipopanda juu ya meza kwa viatu vyake vichafu, akaushika ukingo ule mweusi kwa mikono miwili.

"Vua," alisema. "Sufu ni ya Bi Vernell, na kazi hujaifanya, umeniibia mimi. Vua!"

Akavuta. Chini ya kofia hapakuwa na kichwa. Palikuwa na mvuke tu, ukasambaa, ukatoka dirishani.

Bwana Pettway akapepesa macho, akamwona binti juu ya meza.

"Wewe umeingia saa ngapi?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu kasoro dakika kumi," alisema Zaniyah, akihema. "Na kila siku baada ya hapo. Andika."

Akaandika.

Karakana ilifutwa kwenye mpango mchana huohuo. Khamari alipelekwa barabara kuu, akaaga akisema takataka angalau hazikupi kamba. Jumapili Bi Vernell alisimama kanisani akakiri mbele yetu sote. Wako walionong'ona, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Zaniyah alipangiwa na Bwana Pettway, kwa aibu ya kutomwona, ofisi yenye kiyoyozi katikati ya jiji. Jumatatu saa tatu kasoro alikuwa mlangoni kwa Bi Vernell.

"Siruhusiwi kukutilia sahihi yoyote, mwanangu. Na nikikulipa, kitakuwa kidogo."

"Sikukuuliza. Washa birika."

Walifanya kazi. Adhuhuri, jua utosini, mlango ukagongwa mara moja, taratibu. Kifuniko cha tundu la barua kikainuka, na harufu ya shaba ikaingia.

"Samahani," ilisema sauti ya adabu. "Mnapokea vijana?"

Zaniyah hakuinua hata kichwa.

"Pamejaa," alijibu. "Na siku pakiwa wazi, tutafungua sisi."

Kifuniko kilibaki wazi kwa muda. Kisha kikashushwa, polepole, na wakasikia hatua zikienda mlango wa jirani.

Zaniyah akaitupa kamba, akatoka mbio kumwahi jirani kabla hajafungua.